Kijiko cha Mtani

Siku tuliyomzika Deo kule Kakese, Mtani hakusema kitu. Alisimama nyuma kabisa, karibu na zilipoegeshwa pikipiki, mikono mfukoni, anatazama udongo unavyorudi shimoni. Wote tuliosoma naye tulikuwa tunageukageuka kumtafuta kwa macho. Nadhani hata vijana wenye makoleo walikuwa wanamsubiri, maana habari zake zilishafika huko. Katekista akafunga sala, mashada yakawekwa, watu wakaenda kunawa. Mtani akawasha pikipiki yake akaondoka bila hata kula.

Mama yake Deo alikuwa amekaa mkekani na kina mama wenzake. Aliitazama pikipiki mpaka ikapotelea kwenye mashamba ya mpunga, halafu akauliza, si kwa kulia, ila kama mtu anayetaka kujua:

"Ndiyo basi?"

Ili uelewe alichokuwa anauliza, inabidi nikueleze Mtani ni mtu wa namna gani.

Jina lake lipo. Liko kwenye vyeti, liko kwenye kitambulisho. Lakini sisi tuliosoma naye bweni hapa Mpanda, mkondo B, hatujawahi kumwita kingine zaidi ya Mtani. Jina hilo alijipa mwenyewe tukiwa Kidato cha Kwanza, muda mfupi baada ya kijiko chake kupotea.

Kukaa bweni bila kijiko ni adhabu. Ugali unaliwa kwa mkono, sawa, lakini maharage yetu yalikuwa mchuzi mtupu, na uji wa asubuhi ulikuja unachemka. Kijiko chake alikuwa amekichonga msalaba mdogo kwa msumari, mwishoni mwa mpini. Wote tulikuwa na alama zetu na wote tuliibiwa. Tofauti ni kwamba sisi tulinunua vingine, au tuliiba vya wenzetu. Yeye alikula maharage kwa rula. Alipanga foleni ya chakula rula ikiwa imechomoza kwenye mfuko wa shati kama fundi seremala, na kila aliyekaa naye meza moja alidaiwa: "Nirudishie kijiko changu."

Zamu yangu ilipofika nilimwambia sijakichukua.

"Najua," alisema. "Lakini nirudishie."

"Kwanini mimi?"

"Kwa sababu mimi ni mtani wako."

Yeye Mfipa, mimi Mpimbwe. Nikamwambia utani hauendi hivyo, sisi na nyie ni majirani tu. Mfipa ana utani na Mnyamwezi. Hilo halina mjadala. Mnyamwezi akifa, Mfipa anaruhusiwa kwenda kulala mlangoni akazuia jeneza lisitoke, akavaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, na wenye msiba watacheka na machozi yao, wampe kuku ili ainuke. Lakini kwa Mpimbwe? Kwa Msukuma? Kwa Mbende kama Deo? Nani alimpa utani na darasa zima?

"Maharage," alisema. "Watu wanaokula maharage ya pipa moja miaka minne ni kabila. Sasa niambie, kabila gani halina mtani?"

Nikamuuliza kwanini kabila lijitanie lenyewe, na kwanini awe yeye, na kwanini sisi wengine hatukuulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, anatafuna. Halafu akageukia meza nzima akatangaza: "Huyu anaitwa Kwanini." Mpaka leo, ukinitaja kwa jina langu la ubatizo, mkondo B watakuuliza ni mwanamke yupi huyo.

*

Alikuwa anaangalia watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake halisi shuleni, masomo yalikuwa ziada. Waigizaji wengine wa darasani walimwiga mwalimu mwenye kigugumizi, au mpishi aliyekuwa anachechemea. Yeye hakugusa huko. Aliiga vitu ambavyo mwenyewe ulidhani hakuna aliyeviona: namna mwalimu wa Jiografia alivyokuwa akinusa chaki kabla ya kuandika, namna mimi, kwa mujibu wake, ninavyosogeza kiti mbele kidogo ninapotaka kubishana. Nilikataa kabisa kwamba nafanya hivyo. Darasa likacheka, maana nilikuwa nimeshakisogeza.

Deo alikuwa mwenzake wa dawati. Miaka minne dawati moja, meza moja ya chakula, Deo kushoto, Mtani kulia. Ukiona mmoja unauliza mwingine yuko wapi. Deo alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga, mpole, msimuliaji mzuri mwenye ugonjwa mmoja: alikuwa hafiki. Kila ukimharakisha alikuambia, "Ngoja kwanza." Kuna hadithi zake tulizozimaliza sisi. Na alikuwa mtu wa dini. Kabla ya kula alikuwa akisali sala ndefu, kichwa chini, hasa ile siku ya wiki ambayo pipa lilikuwa na nyama.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wakati huo sikukiona. Mtani alidai kijiko chake kwa kila mtu, mpaka kwa mkuu wa shule siku ya mahafali. Ni Deo peke yake ambaye Mtani hakuwahi kumdai.

*

Aliyetangulia kufa kati yetu ni Festo, miaka michache tu baada ya shule. Mimi nilikuwa nimeshaenda chuo Dar es Salaam, sikuja. Habari ya msiba ule nilisimuliwa na Deo kwa simu, na kama ilivyo kawaida yake, ilichukua muda wangu wote wa maongezi.

"Msiba uko Makanyagio," aliniambia. "Mtani kaona turubai, kaona watu, akaingia mbio. Kajitupa chini mlangoni: 'Festo! Nirudishie kijiko changu! Huko unakoenda utalaje na kijiko cha mtu!' Mzee mmoja akamwambia, kijana, hapa amefariki bibi."

"Mungu wangu. Akafanyaje?"

"Ngoja kwanza. Akasema, 'Basi bibi ndiye anacho.'"

"Hakusema."

"Kwanini, nakuapia. Mwenye msiba akamsogelea, tukajua sasa anapigwa. Akamuuliza, wewe kabila gani? Mfipa. Yule baba akapiga makofi: 'Mfipa! Mbona umechelewa hivyo?' Kumbe Wanyamwezi wale! Kumbe tangu asubuhi wanalalamika bibi yao anaondoka hajapata hata Mfipa mmoja! Wakamlaza vizuri hapo mlangoni. Wakamletea koti la bibi. Kwa Festo, mtaa wa pili, alifika ameshiba."

Nilimwambia Deo anaongeza chumvi. Mimi si mtu wa kuamini hadithi kwa sababu imenichekesha. Niliporudi Mpanda likizo nilikwenda Makanyagio mwenyewe, nikauliza uliza kwenye maduka, nikaonyeshwa nyumba. Mama mmoja alikuwa anaanua nguo. Nikamuuliza kama anamkumbuka kijana aliyekosea msiba.

"Alikosea nini?" aliniuliza, amekasirika kabisa. "Yule ni wetu. Alikuja kwa bibi."

*

Kwenye msiba wa Nyanzobe nilikuwepo. Huyo alikuwa binti wa wafugaji wa Litapunga, watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini tukiwa bado watoto. Shuleni alikuwa na kipaji ambacho hakuna chuo kinachokifundisha: aliweza kulala darasani macho wazi. Mwalimu wa Fizikia akimshtukia na kumwuliza swali, Nyanzobe hakubabaika. Alikuwa anajibu kwa sauti ya heshima, "Ndiyo mwalimu, ni kweli kabisa." Mara nyingi ilimsaidia.

Alikufa kwa maradhi ya damu aliyokuwa nayo tangu kuzaliwa, mwaka niliomaliza chuo. Nilifika Litapunga nikiwa na hasira na maswali, na nilimwona Mtani anaingia uani nikamkimbilia.

"Usifanye," nilimwambia. "Hawa ni Wasukuma. Hawakujui. Baba yake hajafungua mdomo tangu juzi."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Kwanini lakini? Nani kakutuma?"

"Kwanini, kaa."

Alikwenda kwanza kwa wazee. Hilo nililiona kwa macho yangu: hakuanza bila ruhusa. Akachuchumaa, akawaamkia, akasema yeye ni mtani wa marehemu. Mzee mmoja mwenye blanketi begani akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe Mfipa. Utani wako na sisi umetoka wapi?"

"Siyo na nyie, mzee. Na yeye tu. Umetoka darasani."

Wazee wakaongea Kisukuma kati yao kwa muda. Halafu yule wa blanketi akasema, "Basi mcheke. Lakini umcheke vizuri."

Mtani akavuta kigoda katikati ya uwanja, akakaa, akanyoosha mgongo, akakodoa macho. Hakufanya kingine. Taratibu sana, ukaanza kusikika mkoromo. Wana darasa tukamtambua Nyanzobe mara moja, mtu mmoja nyuma yangu akaguna kwa kicheko na kilio pamoja. Ndipo shangazi wa marehemu akainuka mkekani, mikono kiunoni, akapaza sauti: "We Nyanzobe! Ng'ombe wako wapi?"

Mtani hakupepesa. "Ndiyo mwalimu, ni kweli kabisa."

Kumbe hata machungani alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kumbe ng'ombe walishawahi kula shamba la watu huku yeye amekaa kwenye kichuguu macho wazi, kila mpita njia anamwamkia. Hayo alitusimulia baba yake. Alianza kwa kucheka, akalia katikati, akamalizia anacheka. Mtani alibaki amekaa palepale mpaka mwisho, halafu akajilaza mbele ya mlango na kudai kijiko chake. Walimpa kuku, wakampa soda, akainuka. Nyumba zote alizokwenda walimpa kitu ili ainuke. Kijiko hakuna aliyewahi kumpa, kwa sababu kila mtu alijua ni mchezo.

*

Nilimhoji sana baada ya siku hiyo. Nilikuwa nimesoma sosholojia na nilidhani nina maneno ya kumfafanulia anachokifanya. Aliyakataa yote.

"Wewe huoni wanachofanyiwa marehemu?" aliniambia. "Wanasomewa wasifu. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alishika nafasi gani, alikuwa mchapakazi, alishirikiana vizuri na wenzake. Ile ni CV, Kwanini. Anaomba kazi wapi?"

Alikuwa na masharti yake. Hakumcheka mtu kwa ugonjwa, wala kwa umaskini, wala kwa maumbile. Hakuruhusu kurekodiwa, ukitoa simu alikuwa anasimama, anakutazama mpaka uirudishe. Chakula alichopewa kilikuwa kinaliwa hapohapo na waliopo. Na hakusema uongo hata mmoja. Kile alichokiiga lazima kiwe kilitokea. "Ukimwongezea marehemu, umemzika mtu mwingine," alisema.

Lakini usimfanye malaika, maana mwenyewe hapendi. Ni mtu mgumu. Kwenye kundi letu la WhatsApp hajawahi kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa. Ukimpigia hapokei, ukimwandikia anasoma halafu anakaa kimya. Amefundisha Hisabati shule ya msingi kwa miaka sasa na wanafunzi wake wanasema hawajawahi kuyaona meno yake. Mtoto mmoja wa huko aliambiwa na mama yake kwamba mwalimu wao alijigaragaza msibani, akakoroma, akavaa gauni. Yule mtoto akalia, akasema wanamsingizia mwalimu. Watu wamemwomba awe mshereheshaji wa harusi, wakambembeleza, akakataa. "Harusini kila mtu anachekesha. Hawanihitaji."

Siku moja nilimwambia usoni kwamba nadhani anapenda kutazamwa. Kwamba labda misiba ni jukwaa lake, na majonzi ya watu ni tiketi. Nilitegemea akasirike. Alifikiri.

"Inawezekana," alisema. "Wewe ungekuwa unaweza, usingependa?"

*

Basi ndiye huyo aliyesimama kimya siku ya Deo. Deo aliondoka kwa homa, ghafla, msimu wa mavuno, mpunga ukiwa umeanikwa. Nilikuwa nimesharudi Mpanda, nasubiri majibu ya maombi ya kazi, sina la kufanya isipokuwa kubishana na wazazi wangu. Arobaini ilipokaribia, mama yake Deo akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisikilize. Yule mtani wenu, mwanangu alimkosea nini?"

"Hakumkosea kitu, mama."

"Yule binti wa Litapunga mlimcheka mpaka habari zikafika huku. Deo mwenyewe ndiye alinisimulia, akiwa amekaa hapa hapa jikoni, anajigaragaza. Wangu mmemnyamazia. Ameondoka kama mgeni, kama mtu aliyepita tu. Wamesoma karatasi yao, nimesikia alikuwa mpole. Mpole! Mimi nilizaa mpole tu? Arobaini tunaanua tanga. Likishaanuliwa ndiyo limekwisha. Mwambie aje amcheke mwanangu."

Nilimfuata Mtani shuleni kwake. Watoto walikuwa wanafanya zoezi, kimya, unasikia penseli. Tulisimama nje ya dirisha, jicho lake moja likiwa darasani.

"Siwezi," alisema kabla sijamaliza.

"Kwanini?"

"Wale wengine nilikuwa nawaona. Festo alikaa mbele yangu. Nyanzobe alikuwa upande wa pili wa darasa, nikigeuka namwona mzima. Deo alikuwa kando yangu. Mtu wa kando humtazami, unakuwa naye tu. Nimejaribu, Kwanini. Nimesimama nyumbani kwangu mbele ya kioo nikajaribu kuwa Deo, sikupata hata anavyokaa. Nikajiona mwenyewe tu." Akagonga fremu ya dirisha, mtoto mmoja aliyekuwa anachungulia kwa mwenzake akainama haraka. "Nisimame mbele ya mama yake niige nini? Nitamwongezea. Sitamwongezea Deo."

"Njoo tu ukae."

"Nitakuja kukaa."

*

Alikuja, akakaa. Alichagua kiti cha mwisho kabisa kwenye turubai. Darasa tulikuwa wengi kuliko siku ya mazishi; wengine walikuwa wamekuja na treni kutoka Tabora. Kabla ya sala tulikuwa tunakumbushana mambo, na kila kumbukumbu iliishia kwa mtu kusema "ngoja kwanza" na wote kucheka, halafu wote kutazama kile kiti cha mwisho, halafu kuacha kutazama.

Katekista akasalisha. Mjomba wa marehemu akasoma tena ule wasifu, uleule, alishirikiana vizuri na wenzake. Kisha wali ukaletwa, na kuku, na migebuka ya kukaanga kutoka ziwani. Mama Deo akasimama kabla watu hawajaanza.

"Jamani, kabla hamjala," alisema. Hakumtaja mtu. Alisimama tu, mikono imeshika ncha za kanga, akitazama kule mwisho.

Mtani aliinamisha kichwa. Nikamwona yule mama anaanza kukaa, polepole, kama mtu aliyekwishapata jibu.

Nikasimama mimi.

Sijui kuigiza. Naomba hilo lieleweke. Nilichukua sahani ya aliyekuwa jirani yangu, yenye pande kubwa la kuku, nikaketi mkekani, nikainamisha kichwa, nikaanza kusali. Nilisali ndefu. Niliwaombea wapishi, nikaombea wazazi, nikaombea mvua. Wana darasa wakaanza kukohoa. Halafu nikafumbua jicho moja, la kushoto, taratibu, nikalielekeza kwenye nyama ya jirani. Maana hiyo ndiyo ilikuwa sala ya Deo siku za nyama. Sisi tuliokaa ng'ambo ya meza tuliijua wote.

Watu wachache wakacheka kwa huruma. Ilikuwa mbaya, nilijua ni mbaya. Nilisali zaidi, kwa sababu sikujua namna ya kumaliza. Nikaombea watumishi wa serikali.

"Siyo hilo!"

Sauti ilitoka mwisho wa turubai. Kiti kilianguka.

"Siyo jicho hilo! La kulia! La kulia, we Kwanini! Huko kushoto kulikuwa na ukuta, alikuwa anavizia ukuta?" Alikuwa anakuja, anaruka miguu ya watu. "Mimi ndiye nilikuwa kulia! Nyama yangu ndiyo aliyokuwa anaisalia! Miaka minne! Inuka hapo, unamharibu marehemu!"

Alininyang'anya sahani. Akakaa. Na hapo sijui nieleze vipi, kwa sababu hakubadilisha nguo wala sauti, alilegeza tu mabega na kuinamisha shingo upande, na Deo akawa amekaa mkekani. Jicho la kushoto limefumbwa kwa uchaji. La kulia linatoka taratibu kama konokono, linapima, linarudi ndani mtu akigeuka, linatoka tena. "Na uwabariki wasio na chakula," alisema, na mkono ukaanza safari yake kuelekea sahani ya jirani. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Deo, maliza, tunakula!"

Mkono ukasimama hewani. "Ngoja kwanza."

Mama Deo alipiga kelele. Alicheka mpaka akashikwa na kina mama wawili, akawa anapiga paja lake kwa kiganja. "Tangu mdogo!" alikuwa anasema. "Tangu mdogo huyu! Na mimi nikasema nimezaa padri!" Mjomba mwenye karatasi alikuwa ameifunika usoni, mabega yanamtikisika. Katekista aligeuka akatazama mashamba.

Mtani alikwenda mpaka mwisho. Alitusimulia hadithi moja ya Deo, ile ya kiboko aliyeingia shamba la mjomba wake, na hakuifikisha popote, kama mwenyewe. Halafu akainuka, akaenda akajilaza mbele ya mlango wa nyumba, chali, mikono kifuani. Nilimwona anapumua. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alimdai na Deo.

"Deo," alisema, siyo kwa kelele. "Nirudishie kijiko changu."

Tulisubiri kuku. Mama Deo akajifuta uso, akainuka, akamruka pale mlangoni, akaingia ndani. Jikoni kwake, viliko vijiko, ni nje, nyuma ya nyumba. Hilo nililiona na kulishangaa. Alikaa ndani muda kidogo. Alipotoka alikuwa na kijiko mkononi.

"Haya," alisema. "Chukua. Uniachie mlango wangu."

Mtani akainuka akakaa. Alikipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea vitu kwa wakubwa. Akakigeuza. Uso wake haukuwa wa Deo, wala wa mwalimu.

"Mama," alisema, "hiki siyo changu. Changu kilikuwa kipya."

"Ndicho hicho! Kimezeeka kama wewe. Nenda ukale."

Alikwenda akala. Alikula wali sahani mbili, kwa kijiko hicho, na kidole gumba kikiwa kimefunika mwisho wa mpini, pale ambapo msalaba ungekuwapo, muda wote. Nilikaa mbele yake makusudi. Baadaye alikiosha mwenyewe kwenye beseni, akakipangusa kwa leso, akakitia mfuko wa shati, mpini chini.

Tuliondoka pamoja mpaka zilipoegeshwa pikipiki. Jua lilikuwa bado juu, wenzetu nyuma walikuwa wanabishana nani alimaliza zile hadithi za Deo na kama zilimalizika sawasawa. Mtani akakaa kwenye pikipiki, hakuiwasha. Aliniona ninavyoutazama mfuko wake.

"Uliza," alisema. "Najua unataka kuuliza."

"Siulizi."

Akanitazama kwa muda mrefu, jicho la kulia limefunguka kidogo kuliko la kushoto.

"Kwanini?" alisema, na safari hii hakuwa ananiita jina.